Somo: Ikoni za programu zinakaa wapi kwenye Ubuntu na Linux Mint

Wakuu, salaam. Wengi wanaotoka Windows wamezoea kwamba picha ya programu imo ndani ya faili la .exe lenyewe, kwa hiyo wakifika Linux wanaitafuta kwenye folda ya programu na hawaioni. Huku mambo yamegawanywa: kuna faili dogo la maandishi linaloitaja ikoni kwa jina, na kuna picha yenyewe, iliyowekwa mahali pengine kabisa. Nitatumia VLC, programu ya kucheza video, kama mfano, maana karibu kila mtu anayo. Hapa nachukulia umeisakinisha kwa apt, yaani kisakinishi cha kawaida cha Ubuntu na Mint.

Hatua ya 1: Jua jina la ikoni. Mafaili ya maandishi yamo /usr/share/applications, na yote yanaishia na .desktop. Fungua terminali uandike:

`grep ^Icon /usr/share/applications/vlc.desktop`

Utajibiwa `Icon=vlc`. Angalia vizuri: hakuna .png, wala hakuna folda iliyotajwa. Ni jina tupu, na kazi ya kutafuta picha inaachiwa mfumo.

Hatua ya 2: Tafuta picha.

`find /usr/share/icons /usr/share/pixmaps -name "vlc.*"`

Itakuja orodha yenye mistari kama /usr/share/icons/hicolor/48x48/apps/vlc.png na /usr/share/icons/hicolor/128x128/apps/vlc.png. Ni koni ileile ya rangi ya machungwa, ila kila folda ina saizi yake kwa pikseli: ndogo kwa ajili ya menyu, kubwa kwa ajili ya orodha ya programu. Ukiona folda inayoitwa scalable, humo zinakaa picha za SVG, ambazo hazipotezi ubora hata ukizikuza.

Hatua ya 3: Elewa nani anaulizwa kwanza. Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, kwa hiyo soma taratibu. Mfumo unaanza na seti ya ikoni uliyoichagua kwenye mipangilio, mfano Yaru kwa Ubuntu au Mint-Y kwa Mint. Jina lisipopatikana humo, unaenda kwenye seti zilizotajwa katika mstari wa `Inherits` ndani ya faili la index.theme la seti hiyo. Zote zikikosa, ndipo inaulizwa hicolor, ambayo ni akiba ya wote. Folda ya /usr/share/pixmaps, ya tangu zamani, inakuja mwisho kabisa. Utaratibu huu uliandikwa na freedesktop.org, mradi unaoweka viwango vya pamoja, ndiyo maana mazingira ya eneokazi kama GNOME, KDE na Cinnamon yote yanaufuata.

Hatua ya 4: Weka ikoni yako. Tafadhali usibadilishe kitu ndani ya /usr/share. Kila kifurushi kikisasishwa, kazi yako inafutwa. Fanya kila kitu ndani ya folda yako ya nyumbani:

`mkdir -p ~/.local/share/icons ~/.local/share/applications`

`cp /usr/share/applications/vlc.desktop ~/.local/share/applications/`

Picha yako iweke ndani ya ~/.local/share/icons, kisha fungua ile nakala ya vlc.desktop na ubadilishe mstari wa ikoni uwe `Icon=/home/jinalako/.local/share/icons/koni-yangu.png` (badala ya jinalako weka jina lako la mtumiaji, na badala ya koni-yangu.png jina la picha yako). Kwa kuwa faili lina jina lilelile, nakala yako ndiyo itakayosomwa badala ya ile ya mfumo. Folda zinazoanza na nukta huwa zimefichwa. Kwenye programu ya mafaili bonyeza Ctrl+H zitaonekana.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, niliweka vlc.png yangu kwenye ~/.local/share/icons/hicolor/128x128/apps lakini bado naona ya zamani. Nimewasha upya mashine, wapi!

Jibu: Rudi hatua ya 3. Seti unayotumia ina picha yake yenye jina vlc, kwa hiyo hicolor haikufikiwa. Andika njia kamili kwenye `Icon=`, au ipe picha yako jina ambalo halimo kwenye seti yoyote na ulitaje hilo.

Swali: Nimeandika Icon=~/.local/share/icons/koni.png, inatoka picha tupu.

Jibu: Alama ya ~ haifanyi kazi ndani ya faili la .desktop. Anza na /home.

Swali: Firefox yangu ya Ubuntu haimo kabisa kwenye /usr/share/applications. Na programu zilizosakinishwa kwa Flatpak je?

Jibu: Hiyo ni ya Snap, njia nyingine ya kusakinisha programu tofauti na apt, kama ilivyo Flatpak. Tafuta firefox_firefox.desktop ndani ya /var/lib/snapd/desktop/applications. Picha zake ziko chini ya /snap, na huko huwezi kuandika chochote hata kwa sudo (ruhusa za msimamizi), kwa hiyo nakili faili la .desktop nyumbani kama tulivyofanya kwa VLC. Za Flatpak ziko /var/lib/flatpak/exports/share/icons, na majina yake ni marefu: VLC inaitwa org.videolan.VLC.

Swali: Kwenye menyu ikoni iko sawa, lakini nikiifungua programu, chini kwenye upau inatokea ikoni nyingine. Natumia Mint Cinnamon.

Jibu: Dirisha halijajulikana ni la faili lipi. Andika `xprop WM_CLASS` kwenye terminali, bofya dirisha la programu, chukua neno la pili linalotokea, kisha ongeza kwenye .desktop mstari `StartupWMClass=` ukifuatiwa na neno hilo. Funga programu, uifungue tena.