Kukokotoa salio la kila mstari kwa XSLT, bila kigeu kinachobadilika

Anayeingia XSLT, lugha ya kubadilisha hati za XML, akitokea Java au Python huuliza mapema: kigeu nakiongezaje thamani? Hukiongezi. `xsl:variable` ikishapewa thamani haibadiliki, na ukiitangaza ndani ya `xsl:for-each`, haionekani tena kwenye mzunguko unaofuata. Ndivyo ilivyo tangu toleo la 1.0 la mwaka 1999, nami naona hapo ndipo penye nguvu ya lugha hii: hakuna kiolezo (template, kanuni inayosema kipengele fulani kishughulikiwe vipi) kinachoweza kuvuruga hesabu ya kiolezo kingine.

Tuna daftari hili, na tunataka salio baada ya kila ingizo:

```
<daftari>
  <ingizo kiasi="500"/>
  <ingizo kiasi="-200"/>
  <ingizo kiasi="50"/>
</daftari>
```

Hatua ya 1. Acha kuwaza "ongeza kwenye jumla". Waza hivi: salio jipya ni salio lililotangulia kujumlisha na ingizo hili. Ukishaliona hilo, sehemu ngumu imekwisha.

Hatua ya 2. Toleo la 2.0 (2007) lilileta `xsl:function`, kwa hiyo unaweza kuandika funksheni inayojiita yenyewe. Jina lake lazima liwe na kiambishi, hapa `f:`, ulichokitangaza kwa `xmlns:f`. Vivyo hivyo `xs:`, kiambishi cha aina za data kama `xs:decimal`.

```
<xsl:function name="f:salio" as="xs:decimal*">
  <xsl:param name="m" as="element(ingizo)*"/>
  <xsl:param name="awali" as="xs:decimal"/>
  <xsl:if test="exists($m)">
    <xsl:variable name="jipya"
      select="$awali + xs:decimal($m[1]/@kiasi)"/>
    <xsl:sequence select="$jipya,
      f:salio(subsequence($m, 2), $jipya)"/>
  </xsl:if>
</xsl:function>
```

Iite kwa `f:salio(ingizo, 0)` ukiwa ndani ya kiolezo cha `daftari`; utapata 500, 300, 350. Tahadhari: maingizo yakiwa maelfu kwa maelfu, miito inarundikana na kumbukumbu ya miito inaweza kujaa.

Hatua ya 3. Ukiwa na toleo la 3.0 (2017), mwachie `fold-left` kazi ya kuzunguka; ni funksheni inayopitia orodha kipengele kimoja kimoja ikibeba matokeo ya awali:

```
<xsl:variable name="masalio" select="
  fold-left(ingizo, (), function($o, $i) {
    $o, ($o[last()], 0)[1] + xs:decimal($i/@kiasi)
  })"/>
```

`$o` ni masalio yaliyokwisha kupatikana, na `$i` ni ingizo la sasa. Kipande `($o[last()], 0)[1]` huchukua la mwisho, au 0 kama bado hakuna lolote. Funksheni zinazopokea funksheni ni za hiari katika viwango, kwa hiyo kagua kichakataji chako, yaani programu inayoendesha XSLT. Kichakataji cha Saxon-HE kinazo kuanzia toleo lake la 10.

Hatua ya 4. Unapochapa mistari, usiandike `$masalio[position()]`. Ndani ya mabano hayo `position()` huhesabu masalio yenyewe, na yote yatatoka kila mara. Hifadhi nafasi kwanza:

```
<xsl:for-each select="ingizo">
  <xsl:variable name="n" select="position()"/>
  <xsl:value-of select="@kiasi, $masalio[$n]"/>
</xsl:for-each>
```