Gofu ya "bure" Punta Cana: piga hesabu kabla hujaondoka nyumbani

Habari zenu wakuu. Tangu Desemba nimejibu swali moja mara kumi na kitu: "Kaka, likizo ya gofu Karibea inakwenda shilingi ngapi?" Nikimaliza na huyu, kesho shemeji yake ananipigia. Naandika hapa mara moja tu. Atakayeuliza tena nitamrudisha huku.

Mimi naishi Maryland, gofu yangu ni ya kawaida sana, na Jamhuri ya Dominika nimekwenda mara tatu. Nazungumzia pwani ya mashariki tu, Punta Cana mpaka La Romana. Na mnapotafuta tiketi angalieni jina vizuri: Dominica ni kisiwa kingine na nchi nyingine kabisa.

Hatua ya 1. Amua raundi ngapi (raundi moja ni mashimo 18). Siku saba si raundi saba. Joto lile ni la Tanga mwezi wa pili. Tatu zinatosha, nne kama nyumbani hawana neno.

Hatua ya 2. Chagua uwanja kwanza, hoteli baadaye. Watu wengi wanaanza na picha ya bwawa la kuogelea. Teeth of the Dog, aliouchora Pete Dye ukafunguliwa 1971, uko Casa de Campo, La Romana. Ukilala Punta Cana ni mwendo wa saa nzima na ushee kwa gari, na kurudi vilevile. Punta Espada, uliochorwa na Jack Nicklaus, uko Cap Cana, jirani na Punta Cana. Corales wa Tom Fazio, ambako PGA Tour (mashindano ya wachezaji wa kulipwa ya Marekani) walianza kuja 2018, uko jirani na uwanja wa ndege. Hivi vitatu ndivyo ghali: msimu wa watalii tenga zaidi ya dola 300 za Marekani kwa kichwa kwa raundi moja. Viwanja visivyogusa bahari ni nafuu sana. Mimi nacheza kimoja cha baharini mara moja, napiga picha zangu, siku nyingine nakwenda vya ndani.

Hatua ya 3. Msimu. Katikati ya Desemba hadi Aprili bei ziko juu. Msimu wa vimbunga ni 1 Juni hadi 30 Novemba, na Agosti mpaka Oktoba ndipo penyewe. Mei ndiyo naipenda. Ukienda miezi ya bei chini, uliza kama wanatoboa grini (yale majani mafupi kuzunguka shimo) wiki hiyo, maana hapo ndipo wanapofanya matengenezo.

Hatua ya 4. Muda wa kuanza. Ukianza alasiri unapunguziwa. Lakini Desemba kule jua linazama kama saa kumi na mbili, na raundi ya watalii inakula saa nne na nusu. Ukianza saa nane mchana, mashimo mawili ya mwisho utayachezea kwa tochi ya simu. Uliza wanaanza kupunguza saa ngapi, kisha ujumlishe mwenyewe.

Hatua ya 5. Soma neno "imejumuishwa" mpaka herufi ya mwisho. Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo tulieni.

Safari ya kwanza nilinunua kifurushi cha hoteli ya kila-kitu-ndani, siku saba, kimeandikwa "gofu bila kikomo". Nikamwambia mke wangu gofu ni bure, tumelipia tayari. Hata fimbo nikaziacha gereji, si kila kitu kiko ndani? Jina la hoteli silitaji, na kosa halikuwa lao. Karatasi ilisema kweli, mimi ndiye sikuisoma. Kilichojumuishwa kilikuwa *ada ya uwanja*. Basi.

Kigari cha kuzungukia uwanjani ni lazima, hakuna kutembea: dola 50. Juu yake ITBIS, yaani VAT yao, asilimia 18, ikawa 59. Kukodi fimbo 60, na kodi 70.80. Gari la hoteli kwenda uwanjani lilikuwa na safari mbili kwa siku, nafasi zilishachukuliwa tangu jana yake, nikapanda teksi kwenda na kurudi, 60. Kedi, yaani msaidizi wa wachezaji, bakshishi 25. Jumla dola 214.80 kwa raundi ya "bure". Nilicheza nne.

Ubaya wake ni kwamba huoni pesa ikitoka. Kila siku unasaini karatasi, inaingia kwenye bili ya chumba, unaletewa juisi ya nanasi. Usiku wa mwisho nikapewa bili pale mapokezi, nikaongeza kichwani teksi na kedi nilizolipa taslimu: 859.20. Mke wangu aliisoma yote, mstari kwa mstari, akaniuliza swali moja tu: "Hii ndiyo ile ya bure?" Mwaka wa nne sasa, nikisema kitu ni cha bure lazima anikumbushe.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, andika barua pepe uwanjani (SI kwa wakala, SI hotelini) uulize haya, na majibu uyachapishe uende nayo:
- Kigari kimo? Ni lazima?
- Kedi ni lazima? Ada yake imo, au ni bakshishi tu?
- Bei hii ni kabla ya kodi au baada?
- Usafiri upo saa ngapi, na nafasi inashikwaje?
- Mipira ya mazoezi imo?
- Nikighairi, au mvua ikinyesha, inakuwaje?

Onyo la pili: "bila kikomo" mara nyingi maana yake ni *kama kuna nafasi*. Asubuhi wanapewa wanaolipa, wewe wa bila kikomo unapangiwa jua la utosini.

Hatua ya 6. Fimbo. Mashirika mengi ya ndege ya Marekani yanahesabu mfuko wa gofu kama begi moja la kawaida mradi usizidi kilo 23. Linganisha ada ya begi kwenda na kurudi na kukodi mara idadi ya raundi. Kuanzia raundi tatu, kubeba kunashinda. Pima nyumbani: viatu na mipira ndivyo vinavyozidisha uzito.

Hatua ya 7. Taslimu. Noti ndogo za dola kwa makedi na madereva. Sarafu za Marekani usimpe mtu, hawezi kuzibadilisha. Mashine ya kadi ikikuuliza dola au peso, chagua peso, benki yako ibadilishe yenyewe.

Hatua ya 8. Jumlisha. Ada + kigari + kodi + kedi + usafiri + fimbo + mipira utakayopoteza. Zidisha kwa raundi, halafu ndiyo useme una bajeti.

Karibuni kwa maswali. Someni kwanza.

---

Bogi_Tatu: Mkuu uzi mrefu. Kwa kifupi ni shilingi ngapi?

Mwandishi: Hatua ya 8.

Bogi_Tatu: Nilitaka makadirio tu, usinune.

Mwandishi: Sijanuna. Hujasema raundi ngapi, mwezi gani, uwanja gani. Ni kama kuniuliza nauli ya basi bila kusema unashuka wapi.

Mama Wawili: Asante kaka. Swali: tuko wanne, wawili wanacheza, mimi na wifi hatuchezi ila tungependa kuzunguka nao kuona bahari. Inaongeza gharama?

Mwandishi: Swali zuri dada, nilisahau kuliweka. Viwanja vingine vinatoza ada ya abiria kwa anayepanda kigari bila kucheza, vingine havitozi, na kigari ni cha watu wawili. Mkizunguka wote huenda mkahitaji viwili. Ulizeni kwa maandishi. Faida yenu iko kwenye teksi, maana bei ni ya gari, haiangalii vichwa. Ile 60 yangu mkigawana wanne ni 15 kila mtu. Kubaliana na dereva bei ya kwenda NA kurudi kabla hujafungua mlango. Na kama mna siku moja tu ya kuzunguka, chagueni uwanja wa baharini. Kwenye cha ndani mtaona majani na migongo ya waume zenu.

Kijana wa Upanga: Kwani hoteli za kila-kitu-ndani si gofu imo?

Mwandishi: Hatua ya 5. Yote. Taratibu.

Mzee wa Gymkhana: Mwanangu, nimecheza Dar miaka mingi, kedi wangu ananijua kuliko daktari wangu. Hawa wa huko wakoje? Na nasikia majani yao mpira hautambai.

Mwandishi: Shikamoo mzee. Kule mara nyingi kedi mmoja anahudumia kundi zima: anatangulia, anaangalia mipira inapoangukia, anasoma mteremko wa grini. Habebi mfuko, uko kwenye kigari. Kwa hiyo bakshishi ulizeni kama ni kwa mchezaji au kwa kundi, watu wanagombana hapo. Majani mengi ya pwani ile ni paspalum, yanastahimili chumvi, hata maji yasiyo matamu sana yanayanywesha. Mpira unakaa juu vizuri ila ukitua haukimbii. Usitegemee kuviringika, upige ufike.

Mzee wa Gymkhana: Marahaba. Na upepo?

Mwandishi: Unatoka mashariki karibu mwaka mzima, mchana unakaza. Fikiria kaskazi ya Januari isiyopumzika. Ndiyo maana napenda asubuhi ingawa bei iko juu. Alasiri unaokoa dola kadhaa halafu unazizamisha baharini kwa mipira.

Pwani_Yetu: Uwanja wa Vipingo upo, Zanzibar bahari ipo. Kwa nini uwapeleke watu Karibea wakatupe pesa?

Mwandishi: Sijampeleka mtu. Wanaoniuliza wako Marekani na Kanada, Punta Cana kwao ni saa chache za ndege. Wewe uliye Mombasa nenda Vipingo, tena utakula vizuri zaidi.

Dada wa Dallas: Nina pasi ya Tanzania na kadi ya ukaazi ya Marekani. Viza?

Mwandishi: Kwa kadi hiyo huombi viza ya Jamhuri ya Dominika, ila ibebe yenyewe, si picha kwenye simu. Jaza pia fomu yao ya kuingia na kutoka mtandaoni, ni bure (hii ni bure kweli). Tovuti zinazotaka hela kwa fomu hiyo zikimbie.

Bogi_Tatu: Nimeona uwanja Barbados dola 200, rahisi kuliko hivyo vyako.

Mwandishi: Dola ya nani? Barbados wana yao, mbili kwa moja ya Marekani. Kama ni zao, ni 100. Waulize.

Bogi_Tatu: Duh. Hilo sikulijua, asante.

Mzee wa Gymkhana: La mwisho. Kwa nini uwanja uitwe meno ya mbwa?

Mwandishi: Ni jiwe la matumbawe la pwani ile mzee, vibarua walioujenga waliliita "diente de perro", jino la mbwa. Mashimo saba yako kando ya bahari juu ya jiwe hilo. Wewe unayajua mawe ya Makunduchi maji yakitoka, ni ndugu yake. Mpira ukiangukia pale uache. Mimi niliufuata mmoja wa dola nne, nikarudi na kiatu kimechanika soli.

Mama Wawili: Viatu bei gani?

Mwandishi: 120. Sikumwambia mke wangu, na wewe usimwambie.