Santuri za wazee: anzia kwenye amplifaya

Wenzangu mlio na santuri za taarab za wazee kabatini, msikimbilie ile mashine mpya ya kuchezea santuri, ya sanduku, yenye spika ndani kwa ndani. Kwa pesa hiyo hiyo tafuteni amplifaya (kikuza sauti) ya mtumba, ya miaka ya 1970 au 1980, yenye tundu lililoandikwa PHONO. Hapo ndipo penye kazi: sindano ya kawaida hutoa umeme mdogo mno, kama milivolti 5 tu, na sehemu hiyo huukuza na kurudisha besi iliyopunguzwa santuri ilipokuwa ikichongwa. Bila hiyo utasikia sauti nyembamba kama ya mbu.

Kabla ya kulipa, geuza chombo usome volti. Kikiwa kimeshuka bandarini kutoka Japani, huenda ni cha volti 100. Ukikichomeka kwenye 240 yetu hapa Mombasa, kwisha! Tia transfoma ya kushusha umeme kwanza.

Na zile santuri nzito za mizunguko 78 kwa dakika, tafadhali, zina sindano yake, pana zaidi. Msizichezeshe kwa ile ya 33 na 45.

Spika zisikae meza moja na mashine ya kuchezea santuri.