Kabla Datsun 240Z haijagoma tena: mambo ya kuandaa na kupima

Gari linalogoma kuwaka kila siku halisumbui sana, maana ubovu wake uko palepale unakusubiri. Linaloumiza kichwa ni lile linalogoma Jumatatu, likawaka vizuri Jumanne mpaka Ijumaa, kisha Jumamosi likakuacha kwenye kituo cha mafuta huku foleni ya magari ikikupigia honi. Ukimwita fundi, anafika, anazungusha ufunguo mara moja, linawaka. Anakutazama, nawe huna la kusema. Kwa hiyo kazi kubwa ya kutafuta ubovu wa namna hii hufanyika siku ambazo gari ni zima: unajiandaa ili dakika ile litakapogoma uwe na vifaa mkononi na ujue upime nini kwanza, kabla ubovu haujajificha tena.

Nazungumzia Datsun 240Z kwa sababu ndilo gari ninalolijua na kulipenda, na kwa sababu Afrika Mashariki ina haki ya kulipenda. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally wakiendesha 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakarudia ushindi huo kwa gari la aina hiyohiyo. Lilitengenezwa kuanzia 1969 hadi 1973. Lina injini ya silinda sita ya lita 2.4, kabureta mbili za aina ya SU, na distribyuta (inayogawa umeme wa cheche kwa silinda) yenye pointi (vigusanishi vinavyofunga na kufunguka ili cheche itokee). Halina kompyuta hata moja. Kila kinachohusika na kuwaka kwake unaweza kukigusa kwa mkono na kukipima kwa multimita (kifaa cha kupima umeme) ya bei nafuu. Shida ni kwamba waya na viungio vyake vimekwisha kupita miaka hamsini, na shaba ya umri huo hushika leo ikaachia kesho.

Anza na daftari. Weka dogo kwenye kiboksi cha dashibodi, pamoja na kalamu inayoandika. Kila likigoma, andika saa, geji ya joto ilikuwa wapi, gari lilikuwa limezimwa kwa muda gani, tangi lina mafuta kiasi gani, kama kulikuwa na mvua au injini ilioshwa karibuni. Zaidi ya yote, andika sauti uliyoisikia. Baada ya migomo mitano au sita utaanza kuona mtindo. Linagoma likiwa limepoa asubuhi tu? Linagoma dakika ishirini baada ya kuzimwa likiwa la moto? Linagoma tangi likikaribia kuisha? Majibu haya yanaokoa pesa nyingi kuliko spea yoyote mpya.

Hiyo sauti ndiyo inayokuonyesha pa kuelekea, hivyo jifunze kuitofautisha mapema. Ukizungusha ufunguo na kukawa kimya kabisa, umeme haufiki kwenye starta (mota inayozungusha injini ili iwake): fikiria swichi ya ufunguo, waya mwembamba unaoenda kwenye solenoidi (swichi ya sumaku ya starta), au kichwa cha betri kilicholegea. Ukisikia "tak" moja nzito, umeme umefika na solenoidi imevuta, lakini starta haijapata nguvu ya kuzunguka, au yenyewe imechoka. Mfululizo wa "tatatata" mara nyingi ni betri iliyoishiwa au ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari) mbovu. Na injini ikizunguka kwa kasi yake ya kawaida bila kushika moto, achana kabisa na starta. Tatizo liko kwenye cheche au petroli. Nimeona watu wakibadilisha starta kwa gari ambalo starta yake ilikuwa inazungusha injini vizuri kabisa. Mimi mwenyewe niliwahi kulipia starta mbili kwenye gereji moja, na mwishowe ubovu ukapatikana kwenye waya wa ethi unaounganisha injini na bodi: ulionekana mzima kwa nje, ndani ya kichwa chake umeoza na kuwa unga wa kijani.

Kwa sababu hiyo, siku ya kwanza ya maandalizi ipe betri na waya wake mnene. Betri nzima iliyotulia usiku kucha husoma volti 12.6 hivi. Mwenzako akipiga starta, isishuke chini ya volti 10 au karibu yake. Kisha fanya kipimo ambacho wengi hukiruka: weka waya mmoja wa multimita kwenye ncha ya hasi ya betri yenyewe, si kwenye kichwa cha waya, na mwingine kwenye chuma kitupu cha injini, halafu starta ipigwe. Ukisoma zaidi ya nusu volti, ethi yako inakula umeme njiani. Rudia upande wa chanya, kutoka ncha ya betri hadi ncha nene ya starta. Waya unaweza kung'aa kwa nje na ukafeli kipimo hiki, kwa sababu multimita inapima njia nzima ikiwa na mzigo. Fungua vichwa vyote, visugue mpaka vimeremete, vifunge tena vikaze, kisha pima upya na uandike namba kwenye daftari. Siku gari litakapogoma utakuwa na cha kulinganisha nacho.

Sasa tuje kwenye ubovu ambao gari hili lina kawaida ya kuufanya, na ambao humchanganya hata fundi mzoefu: injini inashika moto wakati starta inazunguka, lakini ukiachia tu ufunguo, inazima. Unarudia, inashika, unaachia, inazima. Maelezo yake yako kwenye njia ya umeme wa koili (inayopandisha volti za betri ili cheche iruke). Wakati wa kupiga starta, koili hupewa umeme wa betri moja kwa moja ili cheche iwe kali. Ukiachia ufunguo urudi nafasi ya kawaida, umeme hubadili njia na kupitia rezista ya balasti, kile kipande cheupe cha kauri kilicho karibu na koili, ambacho hupunguza nguvu ili koili na pointi zisiungue. Balasti ikikatika ndani, njia ya kupiga starta inabaki nzima na njia ya kutembelea inakufa. Na kwenye 240Z kuna jambo la ziada: umeme huo wa kutembelea hupita kwanza nyuma ya geji ya RPM (ya mizunguko ya injini). Geji hiyo husoma mkondo unaopita ndani yake, kwa hiyo kiungio kikilegea nyuma ya dashibodi, injini inazima kana kwamba umetoa ufunguo. Mtu aliyewahi kufunga redio au kung'oa dashibodi anaweza kukilegeza bila kujua.

Kwa hiyo kabla ya siku ya mgomo, pima ncha ya chanya ya koili ufunguo ukiwa umewashwa na pointi zimefungana. Ukipata takriban volti 5 hadi 8, njia ni nzima na balasti inafanya kazi. Ukipata sifuri, kuna mkatiko mahali kati ya swichi, geji na balasti. Pointi zikiwa wazi utasoma volti zote za betri, hilo lisikutishe. Usiache ufunguo umewashwa muda mrefu wakati wa kipimo hiki, koili huchemka. Kisha, ukiwa bado unasoma, mwambie mtu atikise ufunguo taratibu kwenye swichi, atikise waya za nyuma ya dashibodi, agonge balasti kwa mpini wa bisibisi. Namba ikiruka, umemshika mwizi akiwa ndani ya nyumba. Swichi ya ufunguo iliyochoka ni ya kawaida mno kwenye magari ya umri huu, hasa kwa mwenye kutundika rundo la funguo zenye uzito.

Pointi zenyewe ni jambo fupi. Uwazi wake ni kati ya milimita 0.45 na 0.55, ziwe safi bila kishimo wala kilima. Kinachostahili umakini ni kondensa, kile kikopo kidogo kilichofungwa pembeni ya distribyuta. Kikianza kufa, hufa kikiwa cha moto na kufufuka kikipoa, na hapo unapata gari linalokuacha njiani saa nane mchana na kuwaka bila kinyongo saa kumi na moja jioni. Multimita ya kawaida haitakuambia mengi juu yake. Ninachofanya ni kuwa na kondensa ya akiba ambayo nimeshaifunga kwenye gari na kuitembelea wiki nzima ikafanya kazi, ndipo naivua na kuiweka kwenye mkoba. Spea ambayo haijawahi kujaribiwa inaweza kukuongezea ubovu wa pili juu ya ule wa kwanza.

Upande wa petroli, tabia ya gari likiwa la moto ndiyo ya kuichunguza. Kabureta za 240Z zimekaa juu ya manifoldi ya ekzosi (mabomba ya moshi yanayotoka kwenye injini). Ukizima injini baada ya foleni ndefu, joto hupanda, na petroli iliyo kwenye vikombe vya kabureta huanza kuchemka: ama inageuka mvuke na vikombe kubaki vitupu, ama inafurika na kulowesha plagi. Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, huzidisha jambo hili, kwa kuwa hewa ya huko juu ina mgandamizo mdogo na petroli huchemka mapema kuliko Mombasa. Angalia kama lile bati la kukinga joto chini ya kabureta bado lipo. Magari mengi yamelipoteza kwa mafundi waliokosa subira ya kulirudisha. Na jizoeze namna ya kuwasha likiwa la moto: bila choki, kanyaga pedali ya mafuta nusu au zaidi, ishikilie palepale, piga starta. Kukanyaga-kanyaga pedali hakusaidii, maana kabureta za SU hazina pampu ya kurusha petroli kama kabureta nyingine.

Tangi la lita 60 lililo nyuma nalo lina hila yake. Kutu iliyomo ndani huvutwa mpaka mdomo wa bomba na kuuziba, injini inazima, ukisubiri robo saa, kutu inazama chini na gari linawaka kana kwamba halikuwa na neno. Chujio la plastiki ang'avu kwenye njia ya mafuta litakuonyesha unga wa kahawia kabla mambo hayajafika huko.

Mkoba wa buti, basi, uwe na multimita yenye betri mpya, taa ya majaribio, waya wa mita mbili wenye klipu pande zote mbili, plagi moja nzima ya kuangalizia cheche, kondensa niliyoitaja, seti ya pointi, balasti, kipande cha msasa laini, spana za vichwa vya betri, na tochi ya kuvaa kichwani. Tochi ni muhimu kuliko inavyosikika. Magari hugoma usiku, na mikono miwili haitoshi. Kizima moto kidogo kikae ndani, karibu na kiti, kisifukiwe chini ya mizigo.

Likigoma, fuata mpangilio uleule kila mara. Gia iwe huru, breki ya mkono imevutwa, hakuna anayevuta sigara. Sikiliza sauti kwanza. Kama ni kimya au "tak", pima betri wakati wa kupiga starta, kisha chukua waya wako wa klipu na upeleke umeme kutoka chanya ya betri hadi ncha ndogo ya solenoidi. Starta ikizunguka, ubovu uko kwenye swichi au waya wake mwembamba. Kama injini inazunguka bila kushika, funga plagi ya akiba kwenye waya wa plagi mmoja, ibane kwenye chuma cha injini kwa klipu, usiishike kwa mkono, na utazame cheche: ya bluu yenye mlio ni nzuri, ya njano nyembamba ni dhaifu. Cheche ikiwepo, ndipo uende kwenye petroli, na kabla ya kuvua mpira wowote wa mafuta chomoa waya wa chanya wa koili, uvute mbali. Kinga mpira kwa chupa, piga starta. Pampu iliyo kwenye kichwa cha injini inapaswa kurusha petroli kwa mapigo yanayofuatana.

Ukiamua kumpelekea fundi, mpe daftari. Mwombe gari lilale kwake ili aliwashe mwenyewe asubuhi likiwa limepoa, na tena likiwa la moto, na mkubaliane kabisa kwamba hakuna spea itakayobadilishwa kabla ya kipimo kuonyesha kuwa ni mbovu. Spea zilizovuliwa zirudi kwako. Usioshe injini siku moja kabla ya kumpelekea; maji yanaweza kuficha ubovu wa awali au kuleta mwingine mpya, na utakuwa umempa kitendawili ambacho si chako.

Na likishatengenezwa, rudi kwenye ukurasa wa daftari wenye mgomo mbaya kuliko yote. Kama liligoma baada ya foleni na dakika ishirini za kupumzika juani, lipeleke njia ileile, saa ileile, lizime dakika ishirini, kisha ulipige. Fanya hivyo siku kumi tofauti na uandike kila matokeo. Mkoba ubaki butini.