Mahindi yaliyovunwa bado yanapumua: kausha kabla ya kufunga gunia

Mkulima wa Masindi au Kiryandongo, nchini Uganda, anayevuna mahindi ya msimu wa kwanza huku mvua zikiwa hazijakoma afahamu kwamba punje anayoipeleka ghalani ingali hai, na kwamba uhai huo hula akiba yake.

Seli za punje huugeuza wanga kuwa glukosi, yaani sukari rahisi, kisha huivunja glukosi hiyo hatua kwa hatua. Hatua za mwanzo hufanyika katika ute wa seli bila kuhitaji oksijeni, na hutoa molekuli 2 tu za ATP, yaani nishati iliyo tayari kutumika. Zinazofuata hufanyika ndani ya mitokondria, yaani vijisehemu vya seli vinavyozalisha nishati, kwa msaada wa oksijeni, na hapo jumla hufikia takriban 30. Sehemu kubwa ya nishati inayobaki hutoka kama joto. Lakini linalosahauliwa na wengi ni maji: gramu 180 za glukosi zikivunjwa zote hutoa gramu 264 za hewa ya ukaa na gramu 108 za maji. Ndiyo maana mahindi yaliyorundikwa na unyevu hujilowesha yenyewe, yakazidi kupata joto, na kwa sababu hiyo yakapumua kwa kasi zaidi, mpaka ukungu ukaingia, ukiwemo ule unaotengeneza sumukuvu ambayo kupika hakuiondoi. Ukipenyeza mkono katikati ya gunia la namna hiyo ukakuta vuguvugu na harufu ya uvundo, hasara imeshaanza.

Kausha juu ya turubai, ukigeuza mara kwa mara, hadi unyevu ufike asilimia 13 au chini yake, kwani hapo upumuaji hupungua mno. Asiye na kipimo atie mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, aitikise vizuri, kisha aiache dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Isiponata, bado ningeshauri kuanika siku moja zaidi, kwa kuwa kipimo hiki hakioneshi tofauti kati ya 13 na 15.

Mifuko isiyopitisha hewa ni mizuri sana, kwa sababu oksijeni ikiisha ndani yake fukusi hufa, lakini ni ya mahindi makavu tu. Anayehifadhi mbegu awe mwangalifu zaidi: kiini chenye unyevu kikikosa oksijeni huchachuka, hutoa pombe na kufa, na punje hiyo haitaota.