Somo: Kumhoji Mlalamikaji, Shahidi na Mtuhumiwa

Maelezo huweza kuharibika kabla hayajaandikwa, pale mpelelezi anapompa shahidi jibu ndani ya swali. Hatua zifuatazo zimepangwa kuzuia kosa hilo.

Hatua ya kwanza: matibabu. Mlalamikaji aliyejeruhiwa apewe PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu, na awahishwe hospitali, mahojiano marefu yasubiri. Mambo ya ukatili wa kijinsia yapelekwe Dawati la Jinsia na Watoto, mahali penye faragha.

Hatua ya pili: tenganisha mashahidi. Bodaboda ikigongana na daladala pale Buguruni, watazamaji huanza papo hapo kusimuliana, na baada ya muda mfupi kila mmoja huamini ameona alichokiona mwenzake.

Hatua ya tatu, ambayo kwangu ndiyo kiini cha kazi: mwache asimulie. Mwambie, "Nieleze yote uliyoyaona tangu uliposhuka kwenye gari," kisha nyamaza, hata akisita. Mwaka 1974, nchini Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu za ajali. Walioulizwa kasi ya magari "yalipopondana" walitaja kasi kubwa kuliko walioulizwa "yalipogongana", na baada ya wiki moja walikuwa wengi zaidi kudai kwamba waliona vioo vilivyovunjika, ilhali havikuwapo. Kwa hiyo usiulize, "Alivaa shati jekundu?" Uliza, "Alivaa nini?"

Hatua ya nne: andika kwa maneno yake, msomee, arekebishe, ndipo atie saini.

Hatua ya tano: mtuhumiwa. Kabla ya maelezo ya onyo, yaani maelezo ya mtuhumiwa yanayoandikwa baada ya kuonywa, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inataka aelezwe kwamba halazimiki kujibu swali lolote isipokuwa la jina na anwani yake, na kwamba anaweza kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Muda wa msingi wa kumhoji ni saa 4 tangu awekwe chini ya ulinzi, nao huweza kuongezwa kwa utaratibu wa sheria. Ungamo la vitisho au ahadi halina hiari, na wakili makini hatalikosa.

Maswali ya wanachama

Swali: Mtuhumiwa amekamatwa Mbagala jioni, na foleni imetuchelewesha kufika kituoni. Je, muda huo unahesabiwa?
Jibu: Muda wa kumsafirisha kwa ajili ya upelelezi hauhesabiwi, lakini mahakama haitakisia kwa niaba yako. Andika saa ya kumkamata, ya kuondoka na ya kufika, na usimhoji njiani.

Swali: Shahidi hajui kusoma. Tufanyeje?
Jibu: Asomewe kwa lugha anayoielewa, aweke dole gumba, na jambo hilo liandikwe.

Swali: Mtoto wa miaka saba anajibu "ndiyo" kwa kila swali.
Jibu: Huenda anakuridhisha tu, kwani watoto wetu wamelelewa kutowabishia wakubwa. Mwambie mapema kwamba anaruhusiwa kusema "sijui" na kukusahihisha ukikosea; kisha kosea kwa makusudi jina la shule yake, uone kama atakusahihisha, kabla hujagusa tukio lenyewe.