Jinsi ya kuweka zuio kwenye nyumba ya ndoa mwenza wako akiwa na mikopo ya siri

Deni alilochukua mwenza wako kwa jina lake ni lake. Kwa sheria za Tanzania Bara, ndoa peke yake haikufanyi mdaiwa, uwe mkopo wa benki, wa simu au wa kausha damu (mkopo wa mtaani wenye riba kubwa). Unabanwa pale uliposaini naye au ulipomdhamini. Hatari kubwa zaidi ni hati ya nyumba kuwekwa rehani wewe hujui.

Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinakataza kuuza, kutoa zawadi au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenza. Ila kimeacha mwanya kwa mkopeshaji anayethibitisha kwamba hakujua kuna mke au mume, na kwamba hata angefuatilia ipasavyo asingejua. Mtu akiapa benki kuwa hajaoa, kesi yako imekuwa ngumu. Hapo ndipo zuio linasaidia: ni taarifa rasmi kwenye daftari la ardhi kwamba una maslahi katika nyumba hiyo. Likishaingia, anayefanya upekuzi, yaani anayekagua daftari hilo, atalikuta, na hawezi kudai hakujua.

Anza na upekuzi wewe mwenyewe. Unahitaji namba ya hati, ya kiwanja na ya kitalu; kama hati imefichwa, tafuta risiti za kodi ya pango la ardhi. Peleka maombi kwa Msajili wa Hati wa mkoa kilipo kiwanja, ulipie kwa namba ya malipo utakayopewa. Ukikuta rehani imeshasajiliwa, muone wakili kabla dalali wa mnada hajafika, maana zuio halifuti rehani iliyotangulia.

Kama hati ni safi, andaa hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo (mawakili wengi wanayo mamlaka hayo). Kieleze mlioana lini, mmeishi hapo tangu lini, kiwanja ni kipi, na kwamba hujaridhia kiuzwe wala kuwekwa rehani. Ugomvi wenu na maneno ya majirani yaache nje. Msajili anataka kuona maslahi yako katika nyumba. Ambatisha nakala ya cheti cha ndoa. Kimepotea? Ulizia RITA, wakala wa serikali wa usajili.

Jaza fomu ya zuio, iwasilishe pamoja na kiapo, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Baadaye rudia upekuzi uhakikishe limeingizwa.

Jiandae pia nyumbani, kwa sababu Msajili humjulisha mwenye hati. Zuio la kimyakimya halipo. Mwenza wako anaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba liondolewe, na hapo utaitwa ueleze kwa nini libaki. Kwa hiyo usiweke chochote kwenye kiapo usichoweza kukithibitisha.

Nyumba isiyo na hati haina daftari la kuwekea zuio. Andika barua kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kwani mauziano mengi ya nyumba hizo hupitia kwake, na nyingine kwa mkopeshaji yeyote unayemshuku. Kila barua isainiwe na aliyeipokea.